Faili Lililobaki Bukoba

Jumanne, 4 Machi

Chai, dawa ya presha, kompyuta. Nimemaliza kufungasha programu ya mnyauko wa migomba. Haina picha wala vitufe. Unaandika amri moja kwenye dirisha jeusi, inasoma rangi ya majani na majibu ya maabara, inatoa orodha ya vibanja, yaani mashamba ya migomba, vya kukatwa. Kompyuta ya bwana shamba kule Muleba haina intaneti, wala haina lugha niliyoandikia programu. Kwa hiyo vyote nimevitia ndani ya faili moja: programu, mkalimani wa lugha hiyo, na maktaba zake, yaani vipande vya msimbo inavyotegemea. Anayekwenda ugenini hubeba hata chumvi. Flashi nimempa dereva wa basi. Saa nane bwana shamba kapiga simu. "Imefunguka, Mwalimu!" Nimefurahi kupita kiasi.

Ijumaa, 7 Machi

Dada yangu Koku kapiga simu kutoka Kagoma. Migomba yake yote imepakwa rangi nyekundu. Inakatwa kesho.

"Kaka, kibanja cha baba kimekukosea nini? Watoto nitawapikia hiyo programu yako?"

Haiwezekani. Majani yake ni ya njano kwa ukame. Maabara ilipima, ikakuta migomba mizima.

Saa tisa alasiri. Kosa nimelipata. Ni langu. Faili la majibu ya maabara sikulifungasha. Hapa nyumbani programu ililikuta kwenye folda yangu, ndiyo maana kila jaribio lilipita. Nimebadili jina la folda, nikajaribu tena. Kila jani la njano likawa ugonjwa. Na programu haikulalamika hata kidogo. Mimi ndiye niliyeiandika hivyo: ikikosa majibu, iamue kwa majani. Mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kubahatisha hesabu.

Nimefungasha upya. Sasa majibu yamo ndani. Yakikosekana, inasimama na kusema. Bwana shamba hapatikani kwa simu, yuko visiwani. Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Basi la kwanza. Pancha Kanazi, karibu saa nzima. Nilisimama kando ya barabara nikiwa na flashi mkononi kama mjinga.

Muleba nilimkuta bwana shamba ofisini, karudi kutoka visiwani usiku. "Mwalimu, wenye mapanga wameshatangulia." Nikamsimamia akiandika amri. Majina kumi na moja yakafutika kwenye orodha, la Koku likiwemo. Akampigia kiongozi wa wakataji. Hakupokea. Tena. Tena. Mara ya nne akapokea.

Walikuwa wameanzia kwa Koku, kwa kuwa kibanja chake kiko kando ya barabara. Migomba sita chini.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala Kagoma. Asubuhi nimemweleza Koku yote, folda, mkalimani, maktaba. Alisikiliza huku akimenya ndizi.

"Kwa hiyo ni wewe, si mashine."

Ni mimi.

Mikungu iliyoanguka ilikuwa haijakomaa. Ndizi nyembamba, maji matupu. Tumezila mchana. Sahani yangu ilipoisha, aliniongezea bila kuuliza.