Sanda ya mama Halidi

Swaumu, upo? Amekuja mama hapa Maili Moja, simjui. Kabla sijamwamkia akauliza, "Wewe ndiye wa ile sinema ya mzimu wa gitaa?"

Ni mama yake marehemu Halidi, katoka Kisarawe.

Unaikumbuka sanda ya mwisho wa filamu yetu? Halidi anatoka nayo kaburini, anapiga muziki wa hevi metali mpaka wafu wote wanaamka. Alituambia kanunua.

Hakununua. Ni ya mama yake. Alijiwekea sandukuni kwa ajili ya siku yake mwenyewe.

"Mwanangu alipofariki nikafungua sanduku nimsitiri. Sikuikuta, binti yangu. Jirani ndiye aliyetoa yake."

Jirani ndiye aliyetoa yake, Swaumu. Na sisi tuliipaka rangi nyekundu tukacheka.

Hakunigombeza. Nilipomtolea sanda yake, kaikunja, kaipakata kama mtoto, akasema, "Usiwaonyeshe watu mwanangu akiichezea."

Nikamwambia, "Sitawaonyesha, mama."

Najua shindano ni kesho, na bila mwisho ule hatuna filamu. Najua ni jasho lako pia.

Nimeshaufuta. Hata ule wa kwenye flashi.