Picha ya kifua cha shangazi

Mkuza, Jumatano

Na nikasema "pazuri" bila hata kupepesa macho.

Tangu asubuhi nilikuwa kwenye kompyuta. Nyota ninayoichunguza, ile iliyokwisha kufa lakini bado inainyonya nyota mwenzake, ililipuka majuzi, na setilaiti inatuletea eksirei zake kila siku. Leo imefifia tena. Joto la gesi yake naweza kulisema, ingawa mwanga wenyewe ulianza safari kabla babu wa babu hajazaliwa.

Adhuhuri akaingia shangazi Mwanaidi, aliyenilea, katoka Marui na bahasha kubwa ya hospitali kwapani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Si wewe ndiye msomi wa eksirei? Hebu nisomee. Daktari kaniambia nirudi Ijumaa, nikasema nianzie kwa mwanangu."

Ukoo mzima unaamini hivyo. Sikuwahi kuwasahihisha, ile sifa niliipenda.

Nikaiinua picha dirishani. Mbavu, moyo, na upande wa kulia kama wingu dogo. Wingu gani, sijui. Yeye ananitazama usoni tu. Ndipo nikamwambia kifuani ni pazuri.

Akacheka, akala wali wote. Mlangoni akasema, "Basi Ijumaa siendi, nikapalilie mihogo yangu."

Nampigia tangu magharibi, simu haipatikani. Bahasha kaiacha hapa, juu ya grafu zangu.

Kesho alfajiri naipeleka Marui mwenyewe. Neno la kumwambia ni moja tu, "sijui", na leo lilinishinda.