Dirisha la Bwana DC

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nasubiri hasira ipungue. Haijapungua, basi ngoja niandike nayo hivyo hivyo.

Nianze na ya nyumbani. Kaburi lako tumelisakafia. Ng'ombe wako mweupe amezaa, ndama jike. Pamba siku hizi inanunuliwa na watu binafsi, wanakuja Magu na malori yao, kila mmoja na mizani yake na kila mizani na uongo wake. Soko huria, wanasema. Kila kitu ruksa. Hata boma la mjini Mwanza ni ruksa, Mama. Lile lile ulilofukuzwa mlangoni mwake miaka nenda miaka rudi, ukiambiwa huna shida ya kiofisi, nenda nyumbani. Ofisi zimehamishwa, na sasa yeyote anayekata tiketi anaingia, anatembezwa chumba kwa chumba. Wewe ulitutoka masika, wao wakaanza kuuza tiketi kiangazi. Wangekosa nini kama wangekuwahi?

Nimeingia mimi. Niliwapeleka wanafunzi wangu wa darasa la saba kwa somo la historia. Njiani nilikuwa nakuwaza wewe tu. Nilikumbuka tulivyokuwa tukienda mjini kuuza mchele, na kabla hatujafika sokoni lazima tupite pale. Unatua mzigo, unapiga goti kando ya barabara, unaliangalia lile dirisha la juu linalotazama ziwa, unaamkia taratibu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Watu walitugeukia. Mimi nilikuwa nakuvuta kanga nikitaka twende, na wewe ukanijibu siku moja, "Tulia. Babu yako anatutazama."

Basi nilikuwa na shauku, Mama, ya kufika kwenye chumba kile ulichoamini ndimo babu alimofia akiwa mfungwa. Nilijua mimi siwezi kumwita babu. Ulinieleza mara nyingi: katika ukoo wenu, aliyefia mbali na asizikwe nyumbani huitwa na mtoto wake wa kumzaa, akiwa amesimama pale pale pumzi ilipokatikia. Anajitanda shuka jeusi, anamtaja jina, anamwambia twende nyumbani, kisha anatembea hadi uani kwao bila kugeuka nyuma. Sauti ya mjukuu asiyemjua haimfikii. Nilitaka tu nisimame humo, niguse ukuta, nikwambie nimefika.

Kijana anayetembeza wageni alitupandisha juu. Akafungua kile chumba, upepo wa ziwa ukaingia, wanafunzi wakafurahi. Akasema, "Hapa palikuwa chumba cha Bwana DC. Jioni alikuwa anakunywa chai yake dirishani hapa."

Nikamuuliza mahabusu walikuwa wanawekwa wapi. Akatuteremsha hadi uani nyuma, kwenye kijumba kifupi kisicho na dirisha hata moja. Nikamuuliza tena kama wafungwa waliwahi kuwekwa juu. Akacheka. Juu kwa Mzungu, mwalimu? Akatuonyesha pete za chuma zilizopigiliwa ukutani, akasema ndimo walimofungwa wakaidi waliokataa kupunguza ng'ombe zao kwa sababu hawakuelewa maendeleo. Wanafunzi wangu wakaandika. Wakaidi. Na mimi mwalimu wao, mjukuu wa mkaidi, nikashindwa kuwasahihisha mle ndani. Nimewasahihisha darasani kesho yake, lakini haikuwa sawa.

Umri wako wote, Mama, ulikuwa unampigia magoti yule yule aliyemfunga baba yako.

Sikulala vizuri wiki ile. Nani alikuonyesha lile dirisha? Si mdogo wako, Mjomba Petro, aliyekuwa tarishi humo humo bomani? Jumamosi nikamfuata kwake Ilemela, kule juu kwenye mawe. Unajua walimpunguza kazini. Sasa anauza mafuta ya taa kwa kibaba mbele ya nyumba. Nikamwamkia, akaitikia, akaniletea kigoda. Nikamuuliza bila kuzunguka. Hakukana. Afadhali angekana.

Alisema ulikuwa unataka kuingia na ndugu na shuka jeusi, umwite baba yenu saa za kazi, mbele ya wakubwa. Wakubwa wa wakati ule wangesema ni ushirikina, na yeye ndiye angefukuzwa. Kwa hiyo akakutafutia mahali pa kuonekana kutoka barabarani. Aliyasema hayo huku anafuta faneli yake ya mafuta kwa kitambaa. "Dada alitaka pa kuangalia. Nikampa dirisha zuri."

Dirisha zuri! Nilitaka kuinuka niondoke. Ndipo akaniangalia usoni akasema, "Kazi ile ndiyo iliyokusomesha wewe."

Ni kweli, na ndiyo inayoniuma. Sare yangu, ada yangu, chuo changu cha ualimu, vyote vilitoka kwenye kazi aliyoilinda kwa kukudanganya. Wewe ulikuwa unamshukuru kila mwisho wa mwezi. Ukamchinjia jogoo. Sijui hasira hii niiweke wapi, maana nikimtukana yeye najitukana na mimi niliyekula.

Lakini sikuwa nimekwenda kutukana. Yule kijana wa kule bomani alikuwa ametuambia kwamba kijumba cha nyuma kimepewa mwekezaji, mvua zikiisha kinavunjwa, wanajenga ghala la soda. Na watoto wa babu mlikuwa wawili. Wewe umekwenda. Amebaki huyo huyo. Fikiria, Mama, nimesafiri kwenda kumbembeleza mtu ambaye nilitamani nisimwone tena machoni mwangu.

Nikamwambia aje amwite baba yake. Akakataa. Wafu wamechoka, akasema, tuwaache wapumzike. Nikamwambia basi, watoto wa shule wameandika kwenye madaftari kwamba baba yako alikuwa mkaidi asiyeelewa. Mteja alikuja na chupa, akamrudisha bila kumhudumia. Kisha akauliza, "Zile pete bado zipo ukutani?"

Mama, alizijua. Alikuwa akiweka mifagio mle. Kila asubuhi ya kazi yake alifungua mlango ule, akachukua mfagio, akaufunga. Wewe uko barabarani umepiga goti, yeye yuko ndani mahali penyewe, na miaka yote hakutamka hata jina.

Nikamwambia zipo. Akasema atakwenda. Hakuomba msamaha na mimi sikumsaidia kuuomba.

Kwa hiyo ni Jumapili ijayo, baada ya misa. Nimeazima shuka jeusi kwa shangazi. Tiketi nitamkatia mimi. Nimekwishazungumza na yule kijana, amekubali kutuacha peke yetu kidogo, na nyumbani nimeacha maagizo uwanja ufagiliwe na lango liwe wazi.

Usinitake nimsamehe kwanza. Najua ungesema damu ni nzito kuliko maji, ungesema mjomba ni mama wa pili. Wewe ulikuwa mwepesi wa kusamehe, na unaona ulivyofanyiwa. Nitaendelea kumwamkia kwa sababu ulinilea hivyo. Zaidi ya hapo sina.

Lala, Mama. Sitakuahidi mengi. Kijumba kile kina mlango mmoja, mfupi, mtu mzima anainama kuupita. Jumapili mdogo wako ataingia, na mimi nitasimama mlangoni. Hatatoka mpaka amwite baba yake kwa jina.

Mwanao,
Kabula