Mapafu Aliyolishwa Mbwa Meneja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Laurencia Tluway. Umri: miaka 34. Kazi: kibarua wa kuchuma kahawa. Makazi: Oldeani, Wilaya ya Karatu. Tarehe: 10/8/2024.

Nimeelezwa kwamba sheria hainilazimishi kutoa ushahidi dhidi ya mume wangu, Piusi. Nimeelewa. Nasema kwa hiari yangu, kwa sababu nikinyamaza ataumia mtoto mwingine.

Leonce ni jirani yetu, mchinjaji na mwenye bucha. Kila Jumamosi akichinja, mkaguzi wa nyama hutoa mapafu na maini yenye malengelenge ya maji na kuagiza yafukiwe. Leonce huona kuchimba shimo ni kazi bure wakati mbwa wana njaa, kwa hiyo huwatupia mabichi vilevile, pamoja na mifupa. Kwetu ndivyo tunavyojua, kinachokataliwa kwa mtu ni fungu la mbwa. Hata mimi nilikuwa namshukuru.

Mbwa wetu aliitwa Meneja, maana alikuwa wa kwanza kufika penye chakula na wa mwisho kuamka. Jina hilo alipewa na binti yangu Felista. Meneja alikuwa akimlamba mikono na uso, naye Felista akitoka hapo anashika ugali. Nilikuwa namgombeza kwa ajili ya uchafu tu. Ugonjwa sikuujua.

Mwishoni mwa mwaka jana Felista alianza kuvimba tumbo upande wa kulia. Nilidhani ni minyoo, nikanunua dawa dukani. Mwezi wa saba tulimpeleka hospitali, akapigwa picha ya tumbo, likaonekana fuko la maji kwenye ini. Daktari akauliza, "Nyumbani mna mbwa? Anakula nini?" Nilijibu mimi. Daktari akatueleza kwamba mbwa akila malengelenge yale hupata minyoo, na mayai ya minyoo hiyo ndiyo humwingia mtoto mdomoni.

Felista alifariki tarehe 6/8/2024, fuko lilipopasuka kabla hajafanyiwa upasuaji. Alikuwa na miaka tisa. Tulimzika tarehe 8.

Mnamo tarehe 9/8/2024, majira ya saa nne asubuhi, watu wakiwa bado msibani, Leonce alikuja kutupa pole. Alileta mguu wa mbuzi. Meneja alimkimbilia akitikisa mkia. Piusi akainuka, akachukua jembe, akampiga Meneja, akafa palepale. Kisha akampiga Leonce begani.

Leonce alisema, "Piusi, nimekukosea nini?"

Piusi akasema, "Umeniulia mwanangu."

Mimi ndiye niliyelishika lile jembe asimpige tena. Leonce hakurudisha pigo. Alikaa chini akilia huku anatoka damu, na mimi nikalia. Sijui nilikuwa namlilia nani kati yao wote.

Mume wangu alimpiga, sifichi. Lakini Leonce hakujua. Angejua, asingemlisha mbwa wake mwenyewe. Mbwa huyo hulala na mtoto wake Adrian, wa miaka mitano.

Jana jioni nilikwenda kwa mke wa Leonce, nikamwambia Adrian akapigwe picha ya tumbo. Akanijibu, "Mama Felista, usituombee msiba wako," akafunga mlango. Simlaumu, mume wake yuko wodini kwa mkono wa mume wangu. Mimi hawezi kunisikiliza. Ninyi atawasikiliza.

Piusi mtamfunga au mtamwachia, hilo litaamuliwa mahakamani. Ninachoomba mimi ni Adrian apelekwe leo. Wangu nilimchelewesha kwa dawa ya dukani.

Maelezo yangu yanaishia hapa. Nimesomewa, ni ya kweli.

Sahihi: L. Tluway

Mimi WP Koplo Nasha nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi. Shahidi amekataa kuondoka kituoni. Nimempigia Leonce simu wodini kuhusu mtoto. Ameuliza ni nani aliyeomba. Nilipomtajia jina, amekubali. Gari limekwenda kumchukua mtoto.