Herufi ya Binti wa Nilesh

Jumanne, 4 Machi

Joto bado. Feni inapiga kelele. Nimeizima, nimeiwasha tena. Asubuhi nimetuma makala ya kodi za nyumba. Mhariri wa Dar hakusema asante, alituma agizo jipya: makala ya majina ya watoto wa Kihindi walioko ng'ambo, mwisho wa mwezi. Anajua mimi ni Mhindi wa Tanga. Anadhani kazi itakuwa rahisi.

Nimeshinda Harris Park, magharibi mwa Sydney, kwenye meza ya nje ya duka la vitamutamu, nikihoji wazazi. Wahasibu, wauguzi, watu wa kompyuta. Wote wanasema jambo lilelile. Jina liwe fupi. Lisiwe na Bh wala Dh. Mwalimu alitamke mara ya kwanza bila kuomba radhi. Babu ni Jayantilal, baba ni Jignesh, mtoto ni Kiaan. Kila kizazi kimepunguza herufi. Majina ya -esh yamekwisha kabisa. Mama mmoja alicheka nilipomtajia Mukesh, kana kwamba nimemwonyesha suruali ya bugaluu.

Wanakwepa pia majina yanayochekesha kwa Kiingereza. Sisi Tanga tulikuwa na shida yetu. Mzee Mavji, muuza vitambaa. Ondoa herufi moja uone. Watoto wa mtaa waliiondoa kila siku.

Nimerudi nyumbani Granville kwa miguu. Sijazungumza na mtu mwingine mpaka sasa.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana Guildford kwa Nilesh, mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Mkewe Kruti ni wa Ahmedabad, mhasibu. Tumbo limeshuka. Mtoto wa kike, wameshaambiwa.

Kwetu jina hutolewa na foi, yaani dada wa baba. Si mama, si baba. Nilesh ana dada mmoja aliye hai. Nina miaka miwili katika mji huu na hili ni jambo la kwanza lisiloweza kufanyika bila mimi.

Ila wameshachagua. Tia. Kruti alinieleza walivyolijaribu. Waliingia mkahawani, wakaagiza kahawa kwa jina hilo, muuzaji akaliandika sawasawa kwenye kikombe. Wakarudia mikahawa mingine. Halikukosewa popote. Kruti mwenyewe huagiza kahawa kwa jina la Kate.

Tulimpigia Ba, mama yetu, Tanga. Nilesh akamtajia jina.

"Tia nini?" Ba akauliza.

Nilesh alicheka mpaka akakaa chini. Kruti hajui Kiswahili, ikabidi aelezwe: tia chumvi, tia maji. Hakucheka. Alisema huku hakuna Waswahili. Nilikuwa nimekaa mbele yake.

Ba akasema wasiharakishe, jina litafuata herufi. Mtoto akizaliwa, maharaji, kuhani wa hekalu la Tanga, ataangalia mwezi ulikuwa wapi saa hiyo, kisha atasema jina lianze na herufi gani. Wazazi wa Kruti wanashika hivyohivyo. Nilidhani Kruti atabisha. Hakubisha. "Herufi ni herufi, didi," aliniambia, yaani dada. Saa ya kupimia usingizi mkononi, na anaogopa mwezi.

Nina jina langu nililomchagulia. Sikulitaja.

Jumatatu, 17 Machi

Amezaliwa. Saa nne asubuhi. Mama na mtoto wazima. Nilesh alipiga simu akilia.

Nilisubiri Tanga kuche, nikampigia Ba. Nikamwambia kwa Kiswahili, kama tunavyozungumza siku zote: saa nne asubuhi, saa za Sydney. Akanifanya nirudie. Akasema anavaa viatu aende kwa maharaji.

Nilikuwa nimeoga na kuvaa tayari kwenda hospitali. Nilesh amesema kesho labda, Kruti amechoka. Nimevua.

Jumatano, 19 Machi

Herufi imekuja. P. Au Th, lakini Th hawataki hata kuisikia.

Basi Tia hakuna. Nilesh alinipigia kutoka korido ya hospitali. Kruti amelia. Majina mafupi ya P yapo, ila Pia ni mtoto wa dada yake Kruti, na Pari wako wawili kwenye mtaa wao mmoja.

"Chagua wewe, dada," akasema. "Ndiyo kazi yako. Mimi nimechoka."

Jina nililochagua linaanza na P. Prabha. Lilikuwa la dada yetu mkubwa. Malaria, mimi nikiwa na miaka mitano. Nilesh hakumkuta. Baada ya hapo hakuna aliyelitamka nyumbani, na sisi wadogo hatukuhitaji kukatazwa. Ipo picha moja, Ba anayo.

Jioni Ba alipiga mwenyewe. Huwa hapigi, husubiri apigiwe.

"Umesikia herufi?"

Nikasema nimesikia. Kisha akasema, "Prabha." Halikuwa swali. Nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Nilijibu ndiyo.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli na haitokei mara nyingi.

Ijumaa, 21 Machi

Makala inahitaji aya moja juu ya herufi. Sikutaka kuandika kwa kukisia, nikampigia maharaji. Kijana, mchangamfu, Kiswahili cha Tanga kabisa. Nikamwomba anieleze kwa mfano wa mtoto wetu.

"Huyu wenu, shangazi, kazaliwa saa kumi alfajiri," akaanza.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Ndivyo alivyoambiwa na Ba.

Nimeelewa kabla hajamaliza. Ba huzungumza na mimi Kiswahili, na maharaji Kigujarati. Kwa Kiswahili, saa nne asubuhi jua limeshapanda. Kwa Kigujarati saa huhesabiwa kama za Kizungu, na nne ya asubuhi ni giza bado. Ba aliibeba nne yangu akaiweka upande wa pili bila kuigeuza. Ukoo wetu umekosea hivyo kwa mabasi, kwa harusi, hata kwa mazishi ya mjomba. Sijawahi kuona kosa hilo likimpa mtu jina.

Nikamuuliza, je, ingekuwa saa nne yetu? Nikasikia akibonyeza kompyuta. Akasema mwezi ulivuka kuingia nyota nyingine kulipokucha huko kwenu. Baada ya hapo herufi ni R na T.

"Kwani vipi, shangazi?"

Nikasema ni kwa ajili ya makala tu.

Jumapili, 23 Machi

Sijasema.

Nimejaribu kujitetea. Mwezi siuamini. Hakuna atakayeulizia. Ba amelitamka jina kwa mdomo wake baada ya miaka zaidi ya hamsini. Mtoto hatadhurika kwa kuitwa Prabha. Hoja zote nzuri. Zingeletwa na mwandishi mchanga mezani kwangu ningemrudishia karatasi yake. Wao wanauamini mwezi, na saa waliyopewa si ya kweli. Ndiyo habari yote.

Mchana chumba cha kufulia, chini ya jengo. Nimemkuta Mama Neema wa ghorofa ya pili, Mkongomani wa Bukavu, anatunza wazee Lidcombe. Hana aibu ya kuuliza.

"Dada, ile mutoto ya kaka yako bamemupa jina gani?"

"Bado."

"Bado? Banangoja aanze shule?"

Akacheka peke yake. Mwanawe mmoja anaitwa Dieumerci, yaani asante Mungu kwa Kifaransa. Shuleni wamemkata, wanamwita Dee, na yeye kakubali. "Mi namuita yote," akasema. "Akasirike, asikasirike, namuita yote. Ye ananijibu na Kiingereza: what, Mum."

Alinisaidia kukunja shuka. Nilitaka kumweleza. Ningeanzia wapi. Alikuwa na zamu ya jioni.

Jumanne, 25 Machi

Nimesema.

Nilikwenda Guildford bila kupiga simu kwanza. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa Nilesh. Niliwaeleza kwa mpangilio: nilichomwambia Ba, alichomwambia maharaji, saa yenyewe, herufi zenyewe. Kruti hakuelewa mara moja jinsi saa nne inavyoweza kuwa saa kumi. Nilesh alimchorea saa nyuma ya bahasha. Alipoelewa alifunika uso kwa mikono yote miwili, kisha akanikumbatia. Ananukia maziwa. Ni mara ya kwanza ananikumbatia bila kuwa tunaagana.

"Kwa hiyo Tia inawezekana?"

"Inawezekana."

Nilesh alinisindikiza hadi getini. "Ungenyamaza tusingejua," akasema.

"Najua."

"Ulikuwa umechagua lipi?"

"Prabha."

Akakunja pua. "Ah, dada. La kizamani hilo. Wangemtesa shuleni."

Hakujua. Nilimwona hajui. Nilimwambia, "Ni jina la dada yako." Akasimama na mkono juu ya geti. Sikukaa kusikia atakachosema, treni ilikuwa karibu.

Nimempigia Ba nilipofika. Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza wao.

"Saa nne ni saa nne," akasema.

Nikamwambia siyo, na anajua siyo. Kisha akasema mchuzi unaungua. Kule ilikuwa mchana, huenda ni kweli.

Nimekasirika, sijui na nani. Nimekula mkate.

Jumamosi, 29 Machi

Sherehe. Ukumbi wa jumuiya, viti vya plastiki, watu wengi kuliko nilivyotarajia. Mtoto alilazwa katika kitambaa chekundu, watoto wanne wakashika ncha: Kiaan, Kiaan mwingine, Myra na Anaya. Wanapaswa kumbembeza taratibu. Waligombana nani anavuta.

Wakaniita mbele. Marafiki wa Kruti hawakujua mimi ni nani. Nikasikia mmoja akiuliza, mwingine akajibu, "Dada wa mume wake, wa Afrika."

Niliinama. Nilisema Tia sikioni mwake, kisha nikasimama nikasema Tia kwa watu wote. Walipiga makofi. Ba alikuwa kwenye simu ya Nilesh, kwa video. Simu yake aliishika vibaya, muda wote tuliona dari la nyumba ya Tanga.

Nilesh alinitengea sahani yeye mwenyewe, akakaa karibu nami. Baadaye akaniuliza alikuwaje. Sikufahamu anamwulizia nani, kisha nikafahamu. Nikamwambia alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na alikuwa mchokozi. Akatikisa kichwa. Wageni wakamwita apigwe picha.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Makala nimeshaituma. Hakuna habari za kwetu ndani yake.

Kruti alipiga simu saa nne asubuhi kuomba nije, hajalala. Nilesh amerudi kazini. Nilipofika alinipa mtoto mlangoni, akaenda kujitupa kitandani bila kuvua soksi.

Nimekaa naye sebuleni mpaka mchana. Hakulia. Alikuwa macho, anaangalia dirisha au kitu kilicho karibu na dirisha. Nyumba kimya, mashine ya kuoshea vyombo peke yake inazunguka.

Nikamwita. Tia. Kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Hakugeuka. Ana wiki mbili, hajui bado kwamba ana jina.

Nikamwita tena.