Siku ya Maua, Jarvis Alikaa Benchi

Dada Verlene, mwenye hasira zako,

Pai yako ya njugu za pekani imefika, na wadakaji wangu, vijana ninaowafundisha kudaka mpira katika timu ya futiboli ya Kimarekani hapa chuoni, wameilamba hadi sahani. Sasa acha kunitumia matusi kupitia kwa shemeji.

Ndiyo, siku ya kuwaaga wachezaji wa mwaka wa nne, ulimsindikiza mwanao Jarvis uwanjani na maua, nami nikamweka benchi. Nikaingiza watoto wawili wa mwaka wa kwanza. Mmoja aliangusha mpira mara mbili, na Jumamosi ataanza tena. Kocha mkuu kaniambia, "Akiangusha tena, fungasha virago." Nikamjibu, "Begi liko mlangoni, bosi."

Jarvis alipokuwa mgeni chuoni, nilimtoa mkubwa wake wa mwaka wa nne ili yeye acheze. Ulishangilia hadi sauti ikakukauka. Mama wa yule mkubwa alikaa nyuma yako, akampigia mwanao makofi.

Mdogo wako asiyeomba radhi,
Clovis