Nilimshika Miguu

Jumatatu, 3 Machi
Somo la TLR4 tena, darasa la pili la wauguzi. Chaki imebaki kipande. Nimewaambia kama kila mwaka: ni kipokezi kilicho juu ya chembe nyeupe za damu. Kazi yake ni kutambua ganda la bakteria na kuuamsha mwili. Kama mtaani kwetu: anayemwona mwizi kwanza anagonga sufuria, wote wanatoka.

Dorcas, anayekaa mbele na mdomo haukai: "Na kama wezi iko mingi, madame?"

Nimemjibu: basi kila mtu anagonga, kila mtu anakimbia, watu wanakanyagana. Mwili unajiua kwa kujilinda. Wamecheka. Mimi pia.

Binti yangu Neema ana joto kidogo. Miaka miwili, labda meno.

Jumatano, 5 Machi
Joto limepanda. Siku tatu hajapata choo. Mume wangu yuko Aru na lori, simu haishiki. Mama mkwe ametoa kipira chake cha lavema, cha kuingizia dawa kwa njia ya haja kubwa, na majani aliyokuja nayo kutoka Gety. Ameyaloweka na pilipili katika maji ya pipa. "Mama Neema, batoto yangu yote nilibalea na hii."

Najua ninachofundisha. Lakini kumkatalia mama wa mume wangu kunanishinda. Yeye alisukuma dawa nyuma, mimi nilimshika mtoto miguu. Alilia mno.

Alhamisi, 6 Machi
Hospitali. Tumbo limevimba, anatetemeka. Wameanza dawa ya malaria na serumu ya kudondosha mshipani. Daktari aliuliza: "Mulimupatia dawa ya majani?" Mama mkwe akatazama sakafu.

Nikasema hapana. Nusu ya wauguzi wa wodi hii nimewafundisha mimi. Aibu tu, hakuna sababu nyingine.

Ijumaa, 7 Machi
Mikono baridi. Anapumua mbiombio. Hii si malaria peke yake. Bakteria za tumbo zimeingia damuni na sufuria zote zinagongwa. Muuguzi aliyebadilisha serumu alinijibu swali hili hili kwenye mtihani, vizuri kabisa. Najichukia.

Saa nne asubuhi nikamfuata daktari koridoni, nikamwambia yote.

"Ungesema jana, mama."

Afadhali angefoka. Amebadilisha sindano, sasa ni za kuua bakteria, amemwita daktari wa upasuaji apime tumbo.

Mama mkwe anasali kwa sauti.

Jumamosi, 8 Machi
Hajakojoa tangu alfajiri, figo zinachoka. Naogopa. Siwezi kula.

Jumapili, 9 Machi
Amekojoa! Kitenge changu chote kimelowa. Nimelia mbele ya wanafunzi wangu wa zamani, shauri yao. Mikono imepata joto.

Jumatatu, 17 Machi
Tuko nyumbani tangu Ijumaa. Neema amekonda ila anadai samaki wadogo wa sambaza na ugali. Jana mama mkwe alitia kipira chake kwenye makaa, mwenyewe, bila kuambiwa. Kilinuka vibaya. Nikamtengenezea chai, tukanywa pamoja.

Leo darasani nimerudia somo. Nimewaeleza habari za mtoto mmoja, bila jina: majani, maji ya pipa, mikono baridi. Hakuna aliyecheka.

Dorcas akanyoosha mkono. "Na mama yake alikuwa wapi, madame?"

Alikuwa amemshika miguu, nimesema. Ni mimi.

Halafu nimechukua chaki, tumeendelea.